Gari iligongwa mbele, sasa inavuta kushoto na kuchemsha

Mkuu pole sana, umesema gari ilinyooshwa bodi ikapigwa rangi ikapendeza ila sasa inavuta kushoto na ukipanda mlima Kitonga kule Iringa inachemsha, aisee usikubali kuambiwa ni alaimenti tu, yaani kuweka sawa mwelekeo wa matairi. Ya kwangu hapa Mbeya ilikuwa hivyo hivyo, nimefanya alaimenti mara mbili wiki haiishi inavuta tena, tairi la mbele ukipitisha kiganja upande wa ndani limeliwa kama msasa, kumbe chasisi, ile fremu ya chini ya gari, ilipinda kidogo. Mwambie fundi apime kwa futi chini ya gari, kona kwa kona, kutoka tundu la bolti kushoto mbele hadi kulia nyuma halafu kinyume chake, vipimo vikipishana chasisi haijakaa sawa, inyooshwe kwanza ndo alaimenti ifuate. Acheki na wishboni, shokapu na boljointi, vile vifaa vya miguu ya mbele.

Kuchemsha angalia feni, yangu walirudisha rejeta, ile ya kupoza maji ya injini, bila lile kava la plastiki la feni, upepo ukawa unapita pembeni, Uyole tambarare haioneshi kitu ila mlimani mshale wa joto unapanda. Na usishuke nayo Kitonga kabla haijapimwa ndugu yangu, steringi ikivuta pale hakuna pa kukimbilia.