Re: Kuhamisha vyombo kutoka Nairobi hadi Likoni

Salaam ndugu. Umeuliza ufanyeje, maana bei ya lori la kuleta vyombo kutoka Nairobi hadi Likoni imekushinda. Kwanza angalia kama unalipishwa safari ya kwenda na kurudi. Malori mengi hupanda Nairobi na mizigo ya bandarini, kisha huteremka Mombasa matupu. Tafuta dereva anayerudi. Mimi nilihama hivyo na bei ilipungua sana. Kilomita 480 hivi za barabara si tatizo, shida iko huku mwisho, maana Likoni iko ng'ambo ya maji kutoka kisiwa cha Mombasa. Mkubaliane mapema atavuka kwa feri au atazungukia barabara ya Dongo Kundu isiyopita kwenye feri, la sivyo atadai nyongeza vyombo vikiwa bado juu ya lori. Pesa ya mahamali na dipoziti ya nyumba itenge kabla ya yote.