Maswali ya Bustani: Waridi la Jangwani Limelainika Kitako

*Assalamu aleikum. Waridi langu la jangwani liko kwenye chungu barazani. Tangu mvua za Mei majani yamepiga manjano na kitako kinabonyea. Namwagilia kila jioni. Niliongezee maji? – Bi. wa Kisauni*

Wa aleikum salaam. La, Bi., hilo kopo liweke kando. Kitako, yaani shina nene la chini, ndicho tangi la mmea, na udongo ukilowa siku zote mizizi hukosa hewa, kuvu ikaingia. Lakini hakikisha kwanza. Kitako chenye kiu hunywea chote sawasawa na ngozi hujikunja; kilichooza hubonyea mahali pamoja, na ukikikwaruza hapo utakuta nyama ya kahawia, majimaji.

Kama kimeoza, ung'oe leo. Vaa glavu, maana utomvu wake ni sumu (wawindaji waliupaka mishaleni), na watoto na mbuzi wasisogee. Kung'uta udongo wote, kisha kata palipooza kwa kisu kilichopanguswa spiriti, ukikipangusa upya kila mkato, mpaka ufikie nyama nyeupe ngumu. Doa la kahawia likibaki, hata dogo kama punje ya mtama, kuoza kutaendelea. Nyunyizia kidonda unga wa salfa, au mdalasini wa jikoni, uuegeshe mmea kivulini penye upepo siku 7 hadi 14 kidonda kifanye kigaga.

Upande kwenye chungu chenye matundu: mchanga wa mto wenye chembe nene makopo 2, kokoto ndogo kopo 1, samadi ya mbuzi iliyooza vyema kopo 1. Mchanga wa ufuoni hapana, una chumvi. Kaa siku 7 bila kumwagilia. Baadaye chomeka kijiti cha mshikaki hadi sentimita 5. Kikitoka kikavu, mwagilia mpaka maji yachuruzike chini. Wakati wa kaskazi huenda ikawa kila siku 3 au 4. Masika yakianza, sogeza chungu chini ya paa, halafu kisahau kidogo.

*Langu lina miaka 4, majani tele, ua hata moja hakuna. – Msomaji, Tudor*

Linapata jua kwa muda wa saa ngapi? Chini ya saa 6 kwa siku usitarajie maua. Na kama unalitilia yuria, acha: nitrojeni nyingi hulisha majani tu. Maua hutoka kwenye ncha za matawi machanga, kwa hiyo mvua kubwa zikishapita pogoa theluthi moja ya kila tawi. Litaonekana kama kijiti cha kuni. Vumilia miezi 2 au 3.

*Maji ya kisima chetu ni ya chumvichumvi. Yatafaa? – Msomaji, Likoni*

Kwa muda mfupi, ndiyo. Mmea huu ni mgumu. Ila chumvi hurundikana kwenye chungu, na dalili zake ni ncha za majani kuungua na ukoko mweupe ukingoni. Kinga maji ya mvua kwenye pipa. Msimu wa joto, mara moja kwa mwezi, pitisha maji yasiyo na chumvi kiasi cha ujazo wa chungu mara 3, yote yatoke chini, na usimwagilie tena mpaka kijiti kitoke kikavu. Sahani ya chini ya chungu imwage papo hapo. Ukiiacha, chumvi uliyoiosha inapanda tena.