Simu ya kabambe inatosha kufuatiliwa sukari ukiwa nyumbani

Wengi huuliza kama mgonjwa wa kisukari lazima awe na smatifoni au kifaa cha kupima sukari kinachobandikwa mkononi ndipo kliniki imfuatilie akiwa nyumbani. Hapana, si lazima. Glukomita ya kawaida (kile kimashine cha kupima sukari kwa tone la damu) na kabambe, yaani simu ndogo ya vitufe, vinatosha. Mamangu yuko Kayole na ndivyo anavyofanya: anapima kabla ya chai ya asubuhi na masaa mawili baada ya chakula cha jioni, anaandika kwenye kalenda ya ukutani, kisha anamtumia nesi kwa SMS. Namba lazima iandamane na saa na alichokula. 11 (kwa kipimo cha mmol/L) baada ya ugali na 11 kabla ya kutia chochote mdomoni ni habari mbili tofauti kabisa, na dawa hubadilishwa kwa kuangalia vipimo vya siku kadhaa, si kimoja.

Kinacholemea kweli ni bei ya stripu, vile vijikaratasi vya kutilia damu kwenye glukomita, kwa hivyo muulize nesi ni saa zipi za kupima zisizoachwa.

Lakini sukari ikishuka chini ya 4 mmol/L usingoje nesi akujibu. Kama anaweza kumeza, mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, umpime tena baada ya dakika 15. Akizimia, usimpe kitu mdomoni, mkimbize hospitali.