Kabla hujasema babu alikuwa KAR, soma herufi kwenye karatasi yake

Kwetu tumekua tukiambiwa babu alikuwa keya (neno lililotokana na KAR, King's African Rifles, askari wa Kiafrika wa mkoloni Mwingereza), alienda Bama, yaani Burma, kwenye vita ya pili ya dunia, na alikuwa "wa kifaru". Basi mimi miaka yote nikajua babu alipigana kwenye vifaru, yale madude ya chuma yenye mzinga, hata shuleni niliwahadithia wenzangu hivyo. Nilipoanza kutafuta kikosi chake nikapoteza karibu mwaka mzima kwa ajili ya neno hilo moja, ndo maana naandika.

Picha ndo ilinifumbua macho. Bibi aliacha picha moja imepauka, kona imeliwa na mende, babu amevaa kofia ya ukingo mpana uliokunjwa upande mmoja. Nikaipiga kwa simu, nikazuumu begani, nikaona kichwa cha mnyama mwenye pembe puani. Kumbe kifaru mwenyewe wa porini! Hiyo ilikuwa alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopelekwa Burma 1944, ikashuka bonde la Kabaw kwenye mvua na matope mpaka mto Chindwin, ikauvuka Desemba mwaka huohuo. Bibi alisema kweli tupu, sisi ndo tulielewa vingine.

Ila alama ya begani inakufikisha kwenye divisheni tu, na hiyo ni maelfu ya watu. Cha kutafuta ni karatasi ya kuachishwa jeshi, na ukiipata usianze na jina. Karani aliandika jina alivyolisikia, babu yetu ameandikwa jina ambalo hakuna mtu kwenye ukoo analijua. Anza na namba yake, nakili pamoja na herufi zilizotangulia, halafu tafuta kifupi cha kikosi. Ya babu ilisema EAASC, yaani East African Army Service Corps. Huko ni usafirishaji na ugavi, yaani babu alikuwa dereva wa lori, na hapo nikakumbuka baba alivyokuwa akisimulia kwamba mzee alikuwa anasikiliza injini ya basi barabarani anakwambia inaumwa wapi.

Maana wazee wetu walikuwa wakisema keya kwa jeshi zima, sio KAR peke yake. EAE ni wahandisi, EAAMC ni matabibu, EAMLS ni wale wa kazi za mikono, wote nyumbani wanaitwa keya. Sasa kama karatasi kweli inasema KAR, angalia namba ya batalioni: 6, 26 na 36 zilikuwa za Tanganyika, 4 na 34 za Uganda, 2 na 22 za Nyasaland (Malawi ya leo), 3 na 5 za Kenya. Usijiamini sana na tarakimu ya mwisho lakini, kwa sababu 11 nayo ilikuwa ya Kenya. Na ukikuta 1/6 sio sehemu ya hesabu, ni batalioni ya kwanza ya 6, ndo alikokuwa sajenti Nigel Leakey aliyepewa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, kwa mapigano ya Colito, Ethiopia, Mei 1941.

Kama karatasi imepotea, kaa na wazee uandike majina ya sehemu kama wanavyoyatamka, usiwasahihishe. Mzee akikwambia Bukini anasema Madagaska. Akiongeza kwamba walishukia Majunga, hapo unaangalia Septemba 1942 na Brigedi ya 22, iliyokuwa na 5 KAR, 1/1 na 1/6, umeshapunguza kazi kweli.

Medali za vita ya pili zisikusumbue, za askari wetu hazikuandikwa majina, nyota ya Burma inakwambia alihudumu upande wa Burma basi. Za vita ya kwanza ndo uzungushe ukingo taratibu kwenye mwanga, namba na kikosi vimechongwa pale. Aliyefia vitani mtafute bila malipo kwenye tovuti ya CWGC, tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, jaribu na namba zinazokaribiana na yake uone wenzake walikuwa kikosi gani, ingawa hiyo ni dalili tu sio ushahidi.

Ukishajua kikosi ndo unatafuta shajara yake ya vita, zimehifadhiwa kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza, Kew kule London, za Burma ziko fungu la WO 172. Jiandae moyo tu, mara nyingi maafisa wametajwa kwa majina, askari wetu kwa idadi. Iliniuma sana. Lakini tarehe zipo, mvua ipo, daraja lililosombwa lipo, na ukiviweka sambamba na alivyosimulia mzee unaona kabisa alikuwa pale.

Mimi namba ya kombania ya babu imeliwa na kutu ya pini, tarakimu ya mwisho ni 1 au 7, kwa hiyo nasoma shajara za kombania zote mbili, ukurasa kwa ukurasa.