Handeli za dirisha zinakatika kila mara? Angalia bawaba kabla hujanunua ingine

Mkubwa wa Section 58 Nakuru, nimesoma swali lako mara mbili. Nyumba ya mwisho wa miaka ya 80, madirisha ya chuma, mwaka huu umeshanunua handeli nne, tatu zimekatika, na fundi amekwambia dawa ni kung'oa yote uweke aluminiamu. Usimpe deposit bado. Mi si fundi, kazi yangu ni chaki, lakini hapa Migosi Kisumu nimepigana na madirisha ya aina hiyo hiyo karibu miaka sita na pesa nimepoteza ya kutosha, kwa hivyo wacha nikwambie penye nilikosea.

Dirisha langu la chumba cha kulala handeli ilikatika shingoni, pale inapoingia kwenye kile kibati. Nikanunua ingine. Baada ya kama miezi mitatu ikakatika pale pale. Nikalaumu hadwea, nikaenda duka lingine nikachukua ya bei juu kidogo, hiyo nayo ikaenda mwaka halafu ikafuata wenzake. Mama watoto ndiye aliyegundua siri. Akaniuliza, mbona hizi vitu huvunjika tu tukiwa na wageni? Nikakaa nikafikiria, ni kweli, ya kwanza ilivunjwa na mpwa wangu akiwa likizo, ya pili shemeji, ya tatu msichana aliyekuja kutusaidia wiki moja. Kumbe sisi wa nyumba, bila hata kujua, tulikuwa tunainua bawa la dirisha, kile kipande kinachofunguka, kidogo na mkono wa kushoto ndio ulimi wa handeli uingie mahali pake. Tulishazoea. Mgeni hajui hiyo maneno, yeye anashika handeli anakaza, haiingii, anakaza zaidi, tak.

Kwa hivyo handeli haikuwa na shida yoyote. Bawa lilikuwa limeshuka kwa sababu bawaba zimekwisha, na handeli ikapewa kazi ya kulibeba, kazi ambayo haikutengenezewa.

Pima hivi. Fungua bawa nusu, shika kona ya chini ile ya mbali na bawaba, liinue. Likipanda na kushuka hata kidogo ujue pini ya bawaba au bushi, ile bomba ndogo inayozungukia pini, imelika. Halafu angalia fremu chini upande wa handeli, kama kuna mahali rangi imekwaruzwa chuma kinang'aa, hapo ndipo linaburuta. Mwisho funga dirisha upitishe karatasi ngumu kwenye ule mwanya kuzunguka bawa lote, penye inakwama ndipo penye kesi. Dakika tano, bure, na hakuna fundi hata mmoja kati ya wawili niliowaita aliyefanya hivyo, wote walikuja moja kwa moja kwa handeli.

Sasa mbona bawaba zilikwisha? Kwangu kulikuwa na sababu mbili na zote ni mimi. Kioo cha zamani kilikuwa milimita 3, kikapasuka na mpira wa watoto, mi nikasema wacha niweke kitu kizito, nikaweka cha 6. Kioo cha milimita 3 kina uzito wa kilo saba na nusu kwa kila mita mraba, cha 6 kinafika kilo 15. Yaani nililipa nikaongezea zile pini ndogo mzigo wa kioo mara mbili. Ya pili ni stei, ule mkono mrefu wenye matundu unaoshika dirisha likiwa wazi. Kile kidude unachovisha tundu kilikuwa kimepotea siku nyingi, nikapuuza, na huku Kisumu mchana upepo unatoka ziwani, jioni ukikuja na mvua ndio usiseme, bawa linapigwa bam bam hadi mtu aamke kulifunga. Stei ni ya bei ndogo kuliko handeli na nikikuwa na pesa ya kitu kimoja tu nanunua hiyo.

Kurekebisha kunategemea bawaba. Kama ni zile zenye umbo la risasi ya bunduki ambazo bawa linaweza kunyanyuliwa likatoka, una bahati, toa, futa uchafu, tia washa nyembamba, kile kiduara cha chuma chenye tundu, kwenye kila pini, rudisha, bawa limepanda. Tia zote mbili za unene sawa la sivyo mzigo wote utakaa bawaba moja. Yangu hayakutoka, kwa hivyo ilibidi grainda na weldi, na hapa ndio nilifunzwa adabu.

Nilichukua kijana wa jua kali pale Kibuye, mikono yake mizuri kabisa, lakini alichomelea kioo kikiwa ndani na mi nikasimama hapo nikiangalia kama bendera. Dirisha la kwanza kioo kikalia ufa kutoka kona hadi kona kwa sababu ya joto. Kioo cha dirisha la pembeni hakikupasuka, ila cheche ziliingia ndani ya kioo na mpaka leo kina vidoti vidoti kama ndui, havitoki kwa sabuni wala wembe. Kwa hivyo, toa kioo kwanza. Ni kazi ya kuudhi, puti ya zamani, ule udongo unaoshika kioo kwenye fremu, imekuwa jiwe, unagonga na patasi polepole na vingine vitavunjika tu, wewe panga bajeti. Vioo vya karibu visivyotolewa funika na gunia lililolowa au kipande cha plaiwudi.

Na kitu kingine ambacho yule kijana ndiye alinifunza, siwezi kumnyima sifa. Kabla hajachoma, alifunga bawa akaweka vipande vya blade kuukuu ya msumeno wa chuma kati ya bawa na fremu, viwili viwili chini na pembeni, ndio mwanya ubaki sawa pande zote na rangi ipate nafasi. Akachoma doti moja moja tu. Akafungua akafunga, akafungua akafunga. Ilipokubali ndipo akachoma kamili, kwa sababu weldi ikipoa huvuta chuma, na ukichoma yote mara moja utakuta bawa limehama. Fundi akianza kuchoma kamili bila doti, mwambie asimame.

Halafu rangi. Nyumba ya miaka yako hiyo itakuwa imepakwa rangi ya mafuta mara ngapi? Kila mwenye nyumba akipaka juu ya ingine. Kwangu moja ya madirisha bawaba zilikuwa sawa kabisa, shida ilikuwa rangi imejaa mwanya, pamoja na kutu. Kutu hufura, inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokula, kwa hivyo inasukuma bawa nje. Nilikwangua mpaka chuma, brashi ya waya, msasa, redi oksaidi ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, ikakauka, halafu rangi nyembamba. Pini za bawaba usipake, tia tone la oili ya injini kabla ya mvua ya Machi. Mafuta ya kupikia hapana, baada ya muda yanakuwa gundi.

Handeli zenyewe, ukishamaliza hayo. Ng'oa ya zamani uende nayo dukani, usiende na picha. Pima kutoka katikati ya tundu la skrubu hadi katikati ya lingine, na urefu wa ulimi, na ujue ni ya kushoto au kulia ukisimama ndani ya nyumba. Beba sumaku. Ikishika, hiyo ni chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu, itaota kutu. Isiposhika bado usishangilie, kuna zile za zinki ambazo nazo sumaku haishiki na ndizo hukatika shingo kama biskuti. Kwaruza kidogo mahali pasipoonekana, nyuma ya kibati. Shaba ni njano hadi ndani, zinki inatoka kijivu. Mwenye duka akikukataza kukwaruza nenda duka lingine.

Skrubu ndizo zilinimalizia Jumamosi nzima. Hizi ni za uzi wa mashine, si za mbao, na za zamani nyingi zina uzi wa inchi wakati unazouziwa leo ni za milimita, ya 3/16 ya inchi na ya M5, yaani ya milimita 5, zinakaribiana kwa macho lakini ukilazimisha unaharibu tundu. Tundu likiharibika dawa ni drili ya milimita 4.2 na tapu, kile chuma cha kukata uzi ndani ya tundu, ya M5, na kama limepanuka sana nenda M6 kwa drili ya 5. Iliyoshikwa na kutu itie mafuta ilale usiku, asubuhi gonga kichwa chake na nyundo, ikaze kidogo kwanza ndipo uifungue. Usikubali mtu akuchomelee kibati cha handeli kwa fremu ati ndio iwe ngumu. Itakuwa ngumu kweli, siku ya kubadilisha utaita grainda.

Na kama una grili kwa ndani kama sisi wote, nunua bisibisi fupi na ufunge ile sumaku kwa uzi, utanishukuru skrubu ikianguka nje ya ghorofa.

Madirisha ya mbao sina mengi. Kwa wazee wangu Kakamega bawaba zililegea kwa sababu matundu yamepanuka, nikajaza vijiti vya mti mgumu na gundi ya mbao, ikakauka, nikafunga skrubu upya ndefu kidogo. Madirisha hayo yapo imara hadi leo.

Kuhusu aluminiamu, mi nilipanga huko kwenu Nakuru, upande wa Lanet, nyumba ya aluminiamu tupu, kwa hivyo usifikiri ukiweka umetoka. Yale ya kusukuma rola zinakwisha, ingawa nusu ya wakati ni vumbi tu limejaa kwenye reli, fagia na brashi ya meno kabla hujalaumu rola. Yale ya kufunguka nje yanabebwa na mikono ya kuteleza juu na chini, ikichoka bawa linaning'inia vile vile kama chuma. Ukibadilisha, pima urefu wa reli yake kwa inchi na unene ikiwa imekunjwa, zipo za milimita 13 na 17 na haziingiliani, na ubadilishe zote mbili pamoja hata kama moja inaonekana nzima.

Sasa wewe kesho asubuhi fanya ile ya kuinua kona, na ya karatasi, halafu piga picha ya ukingo wa chini upande wa handeli uweke hapa tuone. Na hiyo handeli ya nne kama bado iko kwa karatasi yake, usiifunge kwanza. Jaribu kama hadwea watakubali uibadilishe na stei.