Jibu: Kitabu cha Lusitania kinamfaa asiyependa historia?

Mkuu, umeuliza kama Dead Wake cha Erik Larson, kile kitabu cha kuzama kwa Lusitania, kinamfaa mtu aliyechoshwa na historia ya shuleni. Kinamfaa. Mimi nilikirudia, na kilinikamata zaidi nilipokirudia, japo mwisho unajulikana: tarehe 7 Mei 1915 nyambizi ya Kijerumani U-20 inaipiga meli hiyo ya abiria ya Uingereza topido moja (bomu linalokwenda majini) karibu na pwani ya Ireland, na dakika 18 baadaye haipo. Walikufa watu karibu 1,200.

Utamu uko kwenye vitu vidogo vinavyopangana. Meli inachelewa kung'oa nanga New York kama saa mbili, inapokea abiria wa Cameronia, meli nyingine iliyochukuliwa na jeshi. Kampuni imefunga chumba kimoja kati ya vinne vya boila ili kubana makaa, basi badala ya mwendo wa noti 25 (maili za baharini kwa saa) inakwenda 21. Asubuhi ya siku yenyewe ukungu unatanda, nahodha Turner anapunguza tena mwendo. Huku Schwieger, nahodha wa U-20, topido zimebaki tatu, ameshaamua kurudi kwao. Unasoma huku ukiomba hata kimoja tu kiende tofauti.

Halafu mashua. Zilikuwepo 48, zilizoshuka salama ni sita. Meli ilipolalia kulia, mashua za upande huo zilining'inia mbali na sitaha, za kushoto zikaingia ndani na kuponda watu. Kuna abiria waliokufa na jaketi za kuokolea mwilini kwa sababu walizivaa vibaya. Hapo niliweka kitabu chini kwanza.

Usiruke sura za Chumba 40, ofisi ya siri ya jeshi la majini la Uingereza kule London. Waingereza walikuwa wananasa na kufumbua mawasiliano ya Wajerumani, walijua U-20 imetoka. Meli ya kivita ya kuisindikiza Lusitania haikutumwa. Baada ya maafa, wakubwa wa jeshi la majini wakataka kumtwisha Turner zigo lote, ila Lord Mersey aliyeongoza uchunguzi akamsafisha. Wapenda njama watakwambia Churchill, waziri wa jeshi la majini wakati huo, aliitoa meli kafara. Mimi naona usiri uliopitiliza: siri ililindwa mpaka ikakosa kazi.

Sura za mapenzi ya Rais Wilson wa Marekani na Edith Galt unaweza kuzipitia haraka. Faida yake ni moja, zinaonyesha Marekani ilivyokawia: notisi zetu za kidato cha nne ziliandika kana kwamba Lusitania ilizama leo na Marekani ikaingia vitani kesho. Iliingia Aprili 1917.

Ukimaliza, jisomee pia habari za meli ya Khedive Ismail, maana hiyo inatuhusu sisi. Ilianza maisha kama meli ya abiria, vita ya pili ikageuzwa ya kubeba askari. Ilitoka Mombasa kwenda Colombo, na tarehe 12 Februari 1944 nyambizi ya Kijapani I-27 ikaizamisha karibu na Maldives, kwa muda wa dakika mbili hivi. Waliokufa ni karibu 1,300, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Wengi wetu hatukuwahi kuisikia darasani. Mwenye mzee kwao aliyekuwa kwenye kikosi kile cha mizinga cha 301, aweke hapa aliyosimuliwa.