Sukari ya mizizini na bakteria wanaowaka: maswali yenu

Wiki iliyopita niliandika juu ya bakteria waliobadilishwa jeni ili wawake pale mzizi unapotoa sukari. Maswali yamemiminika. Nimechagua haya.

Mzizi si kazi yake kunyonya? Sukari inatokaje humo? (Mwalimu, Masasi)

Unanyonya maji na virutubisho, mwalimu, lakini sukari inatengenezwa kwenye majani, inashushwa chini, na sehemu yake inaishia udongoni. Nyingine inavuja tu. Nyingine mmea unaitoa kwa hesabu zake: mkunde unawalisha bakteria wa rizobia, nao wanaubadilishia naitrojeni ya hewani iwe chakula chake.

Bakteria hana macho. Sukari anaijuaje? (Msomaji, Mikindani)

Jeni zake za kulia sukari fulani zina swichi, na swichi hiyo hufunguka sukari yenyewe ikimwingia. Watafiti huichukua wakaiunga na jeni ya mwanga. Mojawapo inatoka kwa konyeza, jamii ya wale wanaowababua waogeleaji, ingawa huyu ni wa Bahari ya Pasifiki. Protini yake ukiimulika kwa mwanga wa bluu inang'aa kijani. Mwanakemia Mjapani Osamu Shimomura aliitenga mwaka 1962, na mwaka 2008 akashiriki Tuzo ya Nobel ya kemia kwa ajili yake. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani waliitumia kwa rizobia kuonyesha sukari za jamii ya galaktosi mizizini. Mwaka 2017 wenzao wa Uingereza wakatumia jeni za mwanga unaojiwakia wenyewe, wakapiga picha mizizi ya njegere gizani kwa kamera kali.

Kwa hiyo pasipowaka hapana sukari? (Kaka wa Nachingwea)

Hapo ndipo wengi wanapoteleza, kaka. Mwanga huo unahitaji oksijeni. Penye hewa haba bakteria anaweza kushiba sukari na asiwake. Au amekufa. Au wako wachache mno kamera isiwaone. Ndiyo maana jaribio zuri huwa na bakteria wa pili, ambaye swichi yake imeachwa wazi muda wote: naye akififia mahali pale pale, tatizo si sukari.

Kuna na kinyume chake. Protini ya konyeza haiharibiki upesi, basi sukari inaweza kuwa imeshaliwa yote na ukijani bado upo. Picha inakuambia palikuwa na sukari, si lazima iwepo sasa. Binafsi, picha ya namna hii isiyo na bakteria wa pili siihesabu.

Nikimwaga sukari ya dukani shinani, mazao yataongezeka? (Mama, Ruangwa)

Hapana mama, kanywee chai. Vijidudu vya udongo vitaifakamia, vizaliane, na kwa kuzaliana huko vichukue naitrojeni ambayo mmea ulikuwa unaitegemea. Utaishia na majani ya njano, na sisimizi juu yake.

Mikorosho yangu inanyauka. Watanionyesha ugonjwa? (Mkulima, Tandahimba)

Hawa wanaonyesha sukari, si kuvu wa mnyauko. Wapelekee habari wataalamu wa TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo kule Mtwara.

Naweza kuwapata bakteria hawa nikawaweke shambani? (Mkulima, Newala)

Kazi yao ni maabara, mzizi ukiwa kwenye kioo unaonekana. Udongo unaziba mwanga, na kiumbe aliyebadilishwa jeni haachiwi shambani bila kibali.

Ila kwa kunde au karanga una kipimo chako. Mmea ukianza maua, chimba pembeni taratibu kwa jembe. Usiung'oe, vinundu vya mizizini, wanamokaa rizobia, vitabaki chini. Suuza mizizi, chagua kinundu kinene, kikate kwa wembe. Ndani kukiwa na rangi ya waridi inayokaribia damu, rizobia wako kazini. Kukiwa kweupe, kinundu ama bado ni kichanga ama hakifanyi kazi; kukiwa na rangi ya kijani, kimezeeka. Kata kadhaa, kwenye mimea ya pande tofauti za shamba, kabla hujaamua kununua mbolea.